Nani Bado?

Jumatatu, 14 Septemba 1987

Muhula umefunguliwa leo, na kabla sijaweka mkoba chini, mwalimu mkuu wetu, Bi. Wachuka, amenitwika mzigo mwingine. Pamoja na hesabu zangu, nitafundisha Kiswahili kidato cha kwanza. Mimi! Kiswahili nilicho nacho nilikiokota Meru mjini, nyuma ya duka la baba, kwa kusikiliza wateja wakilalamika bei. Basi nimeamua kuandika humu kwa Kiswahili muhula mzima, nisije nikaaibishwa na watoto. Wazo ni langu mwenyewe, kwa hiyo nikichoka sina wa kumlaumu.

Mzigo wenyewe hasa ni ule wa tangu Mei. Shirika moja la Nairobi lilituletea kompyuta. Moja. Iko kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe, imefunikwa kitambaa cha kushonwa, na inatumia televisheni ndogo kama uso. Nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki chache, nikarudi naitwa Madam Kompyuta mpaka soko la Gakindu. Wasichana ishirini na wanne wa kidato cha pili ndio darasa langu.

Leo nimeambiwa kilichobaki. Mtu wa shirika anakuja Novemba. Akiona wasichana wanaielewa mashine, inabaki. Akiona hawaielewi, inabebwa kwenda shule moja ya wavulana karibu na Nyeri mjini, ambao wana jenereta na tayari wameiomba.

"Wameiomba?" nimeuliza. "Ikiwa hapa hapa mezani kwetu?"

"Wameiomba," Bi. Wachuka amesema. "Na kusema kweli, Kanana, sijui nitawanyima nikisema nini. Sisi stima ni ya kubahatisha. Na wewe si umeomba uhamisho urudi Meru? Nani atawafundisha?"

Ni kweli nimeomba. Matope ya huku yamekula viatu vyangu vyote vizuri. Lakini mambo mawili tofauti yasichanganywe: mimi kuondoka ni shauri langu, mashine kuondolewa ni dharau.

Jumatano, 16 Septemba

Stima hakuna.

Alhamisi, 17 Septemba

Stima imekuja asubuhi tukashangilia. Msichana mmoja amewahi kuandika jina lake, wa pili ameandika nusu. Ikaenda.

Jumanne, 22 Septemba

Nimepata dawa! Kama mashine haiamki bila stima, maneno yake yanaweza. Nimekata katoni za sabuni kuwa kadi. Nusu ya kadi nimeandika maneno: programu, memori, PRINT, INPUT, LET, IF, LOOP, na "mdudu", maana kosa ndani ya programu huitwa hivyo, mdudu. Nusu nyingine nimeandika maana zake kwa Kiingereza, neno kwa neno kutoka kitabu nilichopewa kwenye mafunzo. Kila msichana anachota kadi moja bila kuangalia, halafu anazunguka darasani kumtafuta mwenzake. Kupiga kelele hakuna. Wa kwanza kupatana wanapewa mandazi. Wa mwisho wanafagia darasa.

Darasa lilichangamka jamani! Watiri, yule mfupi mwenye mdomo mwepesi na kichwa chepesi kuliko mdomo, alimpata mwenzake kabla sijamaliza kusema "anzeni". Wa mwisho alikuwa Ngendo. Ngendo ni mrefu, hukaa dirishani, na tangu Januari sijasikia sauti yake zaidi ya "present, Madam". Alisimama katikati na kadi yake kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike. Akafagia.

Ijumaa, 25 Septemba

Mchezo tena. Watiri mandazi, Ngendo ufagio. Nimemwambia Ngendo mbele ya wote kwamba ufagio umeshamzoea. Wengine hawakucheka, nami nilidhani watacheka.

Jumanne, 29 Septemba

Leo kumetokea jambo la ajabu. Hakuna wa kwanza na hakuna wa mwisho. Walizunguka, wakazunguka, wakazunguka, kisha mara moja wote wakawa wawili wawili. Nimekula mandazi mwenyewe.

Ijumaa, 2 Oktoba

Vile vile. Ati wote kwa pamoja! Hawa watoto wananificha kitu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua imeanza. Stima hakuna.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua. Kiatu cha kushoto kimeachama.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimewakamata.

Leo sikukaa mezani. Nilisimama nyuma, karibu na kabati, nikamkazia macho Watiri peke yake. Alimpata mwenzake papo hapo. Nimeona kwa macho yangu: walitazamana, kadi zikagusana, mambo yakaisha. Badala ya kuja mbele, Watiri akaficha kadi nyuma ya sketi, akaanza kuzurura kama ambaye bado anatafuta. Akaenda mpaka kwa Ngendo, akainamisha kichwa, akawa ananong'ona. Na si yeye tu. Waliomaliza wote walikuwa wameficha kadi, wote wananong'ona na walio nyuma. Nimechezewa wiki mbili!

Nilipiga kabati kwa kiganja, mkono unaniuma mpaka sasa.

"Watiri! Umempata mwenzako zamani. Unamfanyia nini Ngendo?"

"Namngojea, Madam."

"Unamngojea au unampa jibu?"

"Sikumpa jibu. Nilikuwa namuuliza tu."

"Mtu wa Nairobi atakuja hapa na kuwauliza mmoja mmoja. Mmoja mmoja! Siku hiyo utakuwa ndani ya kichwa cha Ngendo?"

Akasema, si kwa ufidhuli, na ndilo lililonichoma zaidi, "Lakini Madam, mtu akimaliza, akae tu?"

Nikamwambia atoke, na asirudi mpaka aje na mzazi. Ngendo alikuwa analia bila sauti. Nimerudi nyumbani kwenye mvua nikijisemesha njia nzima kwamba nimefanya haki. Kwa mama mwenye nyumba yangu, Wangechi, nimekula githeri, mahindi na maharagwe, bila kusikia ladha. Amenitazama akasema, "Leo mwalimu amekula moto."

Jumatatu, 12 Oktoba

Watiri hakuja. Ni majira ya kahawa. Mama yake atamwachia nani shamba lililoiva aje kunisikiliza mimi?

Jumanne, 13 Oktoba

Nimegawa kadi. Wamezishika. Nikasema anzeni. Hakuna aliyeondoka mahali pake. Si kwamba wamegoma, hapana, walikuwa wananitazama kwa adabu kabisa, kila mtu na kadi yake, mikono imeshuka. Nikauliza, "Mnaogopa nini?" Mmoja akasema, "Hatujui sheria, Madam." Ala! Sheria ni ile ile. Nikakusanya kadi.

Bi. Wachuka alikuwa akipita, akaona. Jioni ameniita. "Tuwaandikie shirika waje kuichukua mapema," amesema kwa upole. "Ni afadhali kutoa kuliko kunyang'anywa."

Nimemwomba anipe mpaka Novemba. Amekubali, lakini alivyokubali ni kama mtu anayemwachia mgonjwa chakula asichopenda.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Stima hakuna. Watiri hakuna.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimechoka mpaka vidole vimekataa kushika kalamu, lakini nikilala bila kuandika haya nitajuta.

Asubuhi Wangechi amegonga mlango. "Mwalimu, leo ngwatio iko kwangu. Ndizi yangu umekula mwaka mzima, na mikono uko nayo. Ama ya kushika chaki peke yake?"

Ngwatio nimeisikia tangu nilipokuja huku. Wanawake wanasaidiana kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka kila shamba lipitiwe. Sikuwahi kwenda. Nilijiona mwalimu. Leo nimeona aibu, nikajifunga kanga, nikavaa mabuti ya mpira ya marehemu mume wa Wangechi, nikateremka naye.

Wa kwanza kumwona shambani ni Watiri, kikapu kiunoni, pamoja na mama yake. Kazi iliyoniangukia mimi ni kujifanya natafuta laini yangu.

Kila mtu alipewa laini, yaani mstari mmoja wa miti ya kahawa. Unachuma nyekundu tu, ya kijani unaiacha, na tawi ukilivunja Wangechi analisikia hata akiwa ng'ambo. Jamani, nilikuwa wa mwisho! Wanawake wa rika la mama yangu walinipita wakipiga hadithi. Kila nikiinua macho, mtu amemaliza laini yake. Nikajua sasa wataenda kukaa chini ya kibanda wanywe chai, wanicheke kwa Kikuyu, nami niwe nimebaki peke yangu na mvua.

Hakuna aliyekwenda kwenye chai. Aliyemaliza aliweka kikapu begani, akavuka kwenda kumsaidia aliye nyuma, lakini hakwenda pale aliposimama huyo. Alienda kule mwisho wa laini ya mwenzake, akaanzia huko, wakawa wanachuma wakielekeana. Nilipoinua kichwa tena, nikaona majani yanatikisika mwisho wa laini yangu. Kulikuwa na mtu huko anakuja upande wangu mti baada ya mti. Sikumwona uso, niliona vidole tu.

Katikati pale tukakutana. Ni Watiri.

Tukatazamana. Mti mmoja ulikuwa umebaki kati yetu. Nikanyoosha mkono kwenye tawi, yeye akarudisha wake.

"Huo ni wako, Madam," akasema. "Mimi nilianzia ile mwisho ingine. Yako unachuma wewe mwenyewe mpaka tukutane."

Nikachuma. Nilikuwa nachuma huku naliona darasa langu lote pale. Wasichana hawakuwa wakiiba majibu. Wamelelewa hivi. Kwao, aliyemaliza na akaketi wakati mwenzake bado ameinama ni mtu wa kuonewa haya, na mimi nilikuwa nimewawekea mandazi ili wafanye hilo hilo. Na ufagio kwa Ngendo juu yake! Nani alinituma?

"Siku ile ulikuwa unamnong'oneza nini Ngendo?" nimemuuliza.

"Nilikuwa namuuliza hiyo kadi inafanana na kazi gani ya nyumbani. Hiyo Kiingereza ya kadi haimwingii, Madam. Hata mimi naijua tu kwa kichwa. Sijui inasema nini."

Hata mimi, mtoto wangu, hata mimi. Nilizikariri kule mafunzoni nikazirudisha kama nilivyopewa. Lakini hilo sikulisema. Nililosema, na mama yake amefika karibu akasikia, ni hili: "Nilikosea. Rudi shule Jumatatu. Mzazi nimeshamwona."

Mama Watiri akacheka, akaniambia, "Umetuona, mwalimu, na sisi tumekuona ukichuma. Usiharakishe kuacha chaki."

Mwisho wa yote Wangechi alisimama juu kwenye kibanda, akaita kwa sauti ambayo nadhani ilifika Mukurweini, "Nani bado?" Sauti moja ikajibu kutoka bondeni. Wawili wakashuka huko. Akaita tena, "Nani bado?" Kimya. Ndipo akasema, "Twende nyumbani," na hapo tu ndipo watu wakabeba magunia kwenda kiwandani. Hakuna gunia lililosogea kabla.

Jumatatu, 19 Oktoba

Watiri amerudi. Nimewaambia darasa zima nilikosea, kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama wima. Hawakujua watazame wapi. Kisha nimezichana kadi za maana, zote, nikagawa katoni mpya.

"Andikeni maana wenyewe," nimesema. "Kwa maneno ambayo mama yako angeelewa ukimsomea jikoni. Na sheria ni mpya. Ukimaliza, nenda kwa ambaye bado. Jibu usimpe. Anzia mwisho ule mwingine: muulize maswali mpaka mkutane. Mchezo unaisha wote wakiisha."

"Na ufagio?" mmoja ameuliza.

"Ufagio ni wangu."

Kelele iliyotokea hapo imemtoa Bi. Wachuka ofisini. Kwa nini wasicheke, mimi mwenyewe nimecheka.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimesoma kadi zao usiku wa jana mpaka mshumaa ukaisha. INPUT: "Mtu wa kiwanda anauliza jina yako kabla ya kupima kahawa." LET: "Hii debe tumeiita ya Wambui. Chochote ukiweka ndani ni ya Wambui mpaka umwage." IF: "Kama ni nyekundu, chuma. Kama si nyekundu, acha." Kitabu changu cha mafunzo hakina hata moja iliyo wazi hivi.

LOOP ameandika Ngendo: "Pita laini zote. Kama kuna mtu bado, rudi. Kama hakuna, nenda."

Jumatano, 28 Oktoba

Ngendo ameuliza swali! Aliuliza kama mashine inajua imechoka. Nimesema haijui. Akasema, "Basi mtu lazima aiambie mahali pa kuacha." Akarudi kukaa dirishani. Nimetembea siku nzima nikiwa na furaha kana kwamba nimeolewa.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mvua. Stima saa moja tu. Watiri na Ngendo wamekaa kwenye mashine pamoja, mmoja anaandika, mwingine ameweka mikono chini ya makalio ili isiguse. Nimeuliza kwa nini. "Hii ni laini yake," Watiri amesema.

Alhamisi, 5 Novemba

Habari imekuja. Mtu wa shirika anaitwa Bwana Peterson, anakuja wiki ijayo Alhamisi.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua na upepo. Mti umeangukia waya huko chini. Stima hakuna, na mafundi hawajulikani watakuja lini. Bi. Wachuka amenitazama, nimemtazama.

Alhamisi, 12 Novemba

Nianzie wapi?

Bwana Peterson aliahidi kufika saa mbili asubuhi. Amefika saa tano. Gari lake lilinasa kwenye mteremko kabla ya Gakindu, wachuma kahawa wakalisukuma, na aliingia ofisini matope mpaka kwenye tai. Ni kijana bado, mwenye heshima zake, amezaliwa na kukulia Nairobi. Alikunywa chai, akauliza mashine iko wapi, tukamwambia iko, stima ndiyo haipo.

"Basi, mwalimu, hapa sina cha kuona," amesema, akitafuta kalamu. "Nisamehe. Nimetumwa kuona mashine ikifanya kazi. Shule ile nyingine ina jenereta, na mimi lazima niandike nilichokikuta."

"Andika baadaye," nimesema. "Kwanza uone wasichana." Sikuomba. Nadhani niliamuru, maana alisimama.

Darasani mmoja alikuwa hayupo, ana homa. Watiri akahesabu kadi, akaona moja haina mtu, akamnyooshea mgeni bila kupepesa. "Wewe chukua hii, Bwana. Tumekosa mmoja."

Akachukua. LOOP. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepewa swali la darasa la kwanza, akaanza kuzunguka nao. Alikuwa anatafuta ile maana ya kitabu, nimemjua kwa macho, nami niliwahi kuitafuta hivyo hivyo. Alisoma kadi za watu: debe, kiwanda, nyekundu, kijani. Akapita. Wasichana wakapatana mmoja mmoja, na kila aliyepata alikwenda kwa ambaye bado, mpaka wakawa wote wamesimama wawili wawili. Kasoro wawili: Bwana Peterson na Ngendo.

Hakuna aliyeketi, hakuna aliyeleta kadi mezani.

"Mnangoja nini?" Bwana Peterson ameuliza.

"Tunakungoja wewe," Ngendo amesema.

Mungu wangu. Ngendo! Akamsogelea, akashikilia kadi yake kifuani. "Ukiwa na kazi ya laini nyingi," akamuuliza, "unajuaje umemaliza?"

Akafikiri. "Ninapofika mwisho."

"Na kama kuna mtu bado?"

"Narudi," akasema polepole. "Napita tena. Mpaka asiwepo." Akatazama kadi yake, akatazama ya Ngendo, kisha akacheka, akacheka kwa moyo. Ndipo darasa zima likaketi kwa pamoja, kishindo.

Alitoa kitambaa akafuta uso. "Mchezo ni mzuri sana, mwalimu. Sijawahi kuuona hivi. Lakini siwezi kuandika mchezo. Nitangoja stima mpaka saa tisa. Baada ya hapo barabara itanizuia."

Tukangoja. Saa saba. Saa nane. Bi. Wachuka alimpa githeri, akaila yote. Mimi nilikuwa naomba Mungu na kutukana waya kwa pumzi moja. Ilikuwa inakaribia saa tisa wasichana walipopiga kelele nje: taa ya ofisini imewaka!

Nilikuwa nimeshajipanga. Watiri ndiye atakayeketi kwenye mashine, anaijua kama kiganja chake. Bwana Peterson akasimama, akatazama darasa, akasema, "Mwenzangu wa kadi ndiye atanionyesha. Peke yake, tafadhali."

Nikataka kusema yule bado hajazoea. Neno "bado" likanisimama mdomoni, nikalimeza.

Stoo ile ni ndogo. Ndani tuliingia sisi wanne tu: Ngendo, mgeni, Bi. Wachuka na mimi. Wasichana wakajaa dirishani, Watiri mbele, ngumi mdomoni. Ngendo aliketi, akapangusa vidole kwenye sketi. Kwa muda mrefu hakugusa kitu. Halafu akaanza kuandika, kidole kimoja kimoja, programu ambayo sikuwahi kumfundisha. Akaiambia mashine ianze.

Kwenye kioo ikatokea: NANI BADO?

"Sema jina lako," Ngendo akamwambia mgeni, akaandika PETERSON. Mashine ikauliza tena, NANI BADO? Akaandika NGENDO. NANI BADO? Kisha akaandika HAKUNA, akaondoa mikono, akangoja.

NANI BADO?

Akaandika tena HAKUNA. NANI BADO? Tena. NANI BADO?

"Haiishi," Bwana Peterson amesema taratibu.

Bi. Wachuka akashusha pumzi. "Basi, mtoto, umejaribu."

Nimeliona kosa. Nililiona wazi, mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Kule dirishani Watiri alikuwa ameliona pia, macho yamemtoka, lakini mdomo ameuziba kwa mikono miwili. Alikuwa ananitazama mimi. Huo ni wako, Madam, nikasikia kichwani. Yako unachuma wewe mwenyewe. Na huu ulikuwa mti wa Ngendo. Nikauweka mkono mfukoni.

"Iko na mdudu," Ngendo amesema. Hakusema kwa hofu. Alisema vile mtu anasema ng'ombe ana kupe. Akaikatiza mashine, akairudisha programu kwenye kioo, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mstari wa kwanza, uliza. Wa pili, pokea jina. Wa tatu, kidole kikasimama.

"Nimeiambia irudi kabla ya kuangalia kama watu wameisha," amesema. "Kwa hivyo haifiki hapo kwa kuangalia. Inarudi tu." Akauandika upya mstari wa tatu, ukawa wa kuangalia. Ule wa kurudi akauweka chini yake. Akaanza tena.

NANI BADO? PETERSON. NANI BADO? NGENDO. NANI BADO?

Akageuka akatazama dirishani, nyuso zote zile zimebanana. Akaandika HAKUNA.

TWENDE NYUMBANI.

Kelele! Dirisha lilibaki kidogo lianguke. Bi. Wachuka, ambaye sijawahi kumwona akishika mtoto isipokuwa sikio, alimshika Ngendo mabega yote mawili. Mimi nililia wazi wazi, wacha waone.

Bwana Peterson alisimama akaangalia maneno yale mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Mashine haitoki hapa. Mwaka ujao wote inabaki, na nitakuja tena nione wamefika wapi. Kule kwa wavulana tutatafuta nyingine." Akafunga kalamu. "Lakini naomba seti moja ya kadi hizi niwapelekee."

"Watengeneze zao," Watiri amesema kutoka dirishani. "Hizi ni za huku."

Jumatatu, 16 Novemba

Stima hakuna. Hatuna habari nayo.

Ijumaa, 20 Novemba

Tumefunga shule. Mvua imekuwa ya rasharasha, na jua limeonekana tangu asubuhi. Aliyekuwa na homa amepona, na jana alidai mchezo wake alioukosa, ikabidi tuurudie wote.

Bi. Wachuka amenikuta nikikusanya kadi kwenye kopo. "Ile barua yako ya uhamisho," amesema, "watataka kujua kabla ya Krismasi kama bado unataka." Nimesema Januari tutahitaji kadi zaidi. Alijua nimeshajibu, maana aliondoka akiimba.

Nimeingia stoo kuifunika mashine. Stima ilikuwepo. Wasichana walikuwa wameiacha programu ya Ngendo ikiendelea, wamepanga foleni kila mmoja akaandika jina lake kabla ya kwenda, na majina yalijaa kioo kizima. Chini kabisa ilikuwa inangoja.

NANI BADO?

Nikaketi. Nikaandika KANANA.

NANI BADO?

Nikasikiliza. Uwanja ulikuwa kimya, hata kule kwenye lango. Nikaandika HAKUNA, mashine ikaniambia twende nyumbani. Nikaizima, nikafunga mlango, nikateremka kwa Wangechi.